Chekecheke la Maneno

Jumapili ya 8 ya Mwaka C. Masomo: Sira 27:4–7, 1 Kor 15:54–58, Lk 6:39–45



Masomo ya Jumapili hii hayasikiki kanisani katika kila mzunguko wa miaka mitatu. Mara nyingi Kwaresima huanza mapema, na Jumapili ya nane hurukwa. Yalisomwa mwaka 2022, yakasomwa tena mwaka 2025, lakini zamani ilipata kupita miaka mingi bila waamini kuyasikia siku ya Bwana. Basi, maadamu tumeyapata, tusiyaache yapite hivi hivi.

Somo la kwanza ni fupi mno: mistari minne tu. Yoshua bin Sira, mwalimu wa hekima aliyefundisha Yerusalemu yapata mwaka 180 kabla ya Kristo, anatuwekea mbele ya macho chombo cha nyumbani, yaani chekecheke. Linapotikiswa, asema, takataka hubaki; vivyo hivyo ila za mtu hubaki wazi anapofungua kinywa. Kila mama aliyewahi kuchekecha unga anaelewa mara moja. Unga hupita na kuanguka chini, pumba hubaki juu zikitazamana na mchekechaji. Ila yafaa kukumbuka kwamba Sira alikuwa na picha ya uwanja wa kupuria ngano, ambako ng'ombe waliyakanyaga masuke kutwa nzima, nao ng'ombe hawaombi ruhusa ya kutoka nje. Neno lililotumika katika Kigiriki kwa takataka hizo ndilo neno la samadi. Kwa hiyo mzee huyu hazungumzi juu ya vumbi dogo la ulimi. Anazungumza juu ya kitu kinachonuka.

Nimetaja Kigiriki kwa sababu kitabu hiki kiliandikwa kwanza kwa Kiebrania, kikafasiriwa na mjukuu wa mwandishi mwenyewe. Kijana huyo alifika Misri katika mwaka wa 38 wa mfalme Euergete, yaani mwaka 132 kabla ya Kristo, akakesha usiku na mchana akiifasiri kazi ya babu yake. Katika dibaji anawaomba wasomaji radhi mapema kabisa. Anakiri kwamba maneno yaliyosemwa kwa Kiebrania hayana nguvu ileile yakihamishiwa katika lugha nyingine. Mimi nampenda sana mjukuu huyu. Angeweza kunyamaza, na wasomaji wa Misri wasingejua. Aliona kwamba mtu apokeaye neno la mwenzake ili alipeleke kwa wengine amebeba amana, na kwamba kilichopungua njiani lazima kitajwe.

Leo naomba mnivumilie nizungumze juu ya kitenzi kimoja cha Kiingereza. Najua wengine watauliza Kiingereza kina nini na mahubiri ya Jumapili. Subirini kidogo, maana kitenzi chenyewe kilizaliwa ndani ya chekecheke.

Waingereza wana vitenzi vingi vya kueleza kwamba mtu ameipinda kweli. Wanacho "distort", ambacho kimetoka katika neno la Kilatini la kusokota. Sisi nasi twasema "kupotosha", na mzizi wake ni "kupota", kazi ya msuka kamba. Lugha mbili zisizojuana zimekutana katika picha moja. Wanacho pia "skew", maana yake kwenda mshazari, neno walilolipata kwa Wafaransa wa kaskazini, kwao likiwa na maana ya kukwepa jambo. Waraka wa pili wa Petro, katika sura ya 3, unawalaumu watu wasio na elimu wanaozisokota nyaraka za Paulo, na neno la Kigiriki lililotumika hapo lilitumika pia kwa kuvinyonga viungo vya mtu anayeteswa. Lakini katika maneno haya yote mkono wa mwenye kutenda unaonekana. Kamba iliyopotwa huonekana imepotwa, na kitu kilichokaa mshazari hata mtoto atakuambia kwamba hakikukaa sawa.

Kitenzi ninachokitaka ni kingine, nacho ni "garble". Siku hizi Waingereza hukitumia ujumbe unapofika umevurugika, maneno yamekatika na maana haishikiki, kama vile nyinyi mnaonisikiliza mbali na mtambo mnavyonisikia mvua inaponyesha. Lakini hapo zamani maana yake haikuwa hiyo hata kidogo. Waarabu huita chekecheke "ghirbal", na kuchekecha "gharbala". Wataalamu wa lugha huona kwamba Waarabu nao walilipokea neno hilo kutoka katika Kilatini "cribellum", yaani chekecheke dogo. Wafanyabiashara wa Italia walipokwenda kununua viungo katika masoko ya Mashariki walirudi na mizigo, na neno likawa ndani ya mizigo: "garbellare", kuchekecha viungo. Kutoka Italia likaingia Uingereza, na katika karne ya 15 tayari linaonekana katika maandishi ya Waingereza, likiwa na maana njema kabisa: kusafisha viungo kwa kuondoa uchafu.

Kiungo kikubwa wakati ule kilikuwa pilipili manga. Sisi wenyewe tunaiita pilipili ya Manga, yaani ya Uarabuni, ingawa ilimea Malabari huko Bara Hindi. Jina limeshika mkono wa aliyeileta na kuisahau ardhi iliyoizaa. Pilipili hiyo iliuzwa kwa uzito na bei yake ilikuwa kubwa, na penye bei kubwa na mizani shetani hakosi kiti. Ndani ya magunia zilitiwa changarawe, vumbi na vijiti. Ndiyo maana mjini London chama cha wauza viungo, kiitwacho Grocers, kilikabidhiwa kazi ya kusimamia uchekechaji. Kulikuwa na ofisa maalumu aliyekuwa na mamlaka ya kuingia katika duka lolote au ghala lolote, kufungua viungo na dawa, kuvichekecha, na kuvitia muhuri vilivyokuwa safi. Mwanzoni mwa karne ya 17, chini ya Mfalme James I, ilitungwa hata sheria juu ya kuchekecha viungo vizuri. Hizo taka zilizobaki nazo ziliitwa kwa neno lilelile. Basi mtu aliyeitwa mchekechaji alikuwa mlinzi wa wanunuzi. Mjane aliyenunua pilipili ya senti chache alilala usingizi kwa sababu mtu huyu alikuwa ameutikisa mzigo kabla yake.

Sasa ilikuwaje jina la mtu mwaminifu namna hii likawa jina la udanganyifu?

Maneno hayaharibiki siku moja. Kwanza kuchekecha kulikuwa kuondoa taka. Kisha kukawa kuchagua kilicho bora. Katika karne ya 17 watu walianza kusema kwamba jeshi au baraza limechekechwa, wakiwa na maana kwamba wakubwa wamewaondoa wote wasiowapenda na kuwabakiza wanaowaitikia. Hapo neno limeanza kugeuka, maana walioondolewa si changarawe tena, ni watu. Kufika miaka ya 1680 neno lilikuwa limeingia katika maandishi na ushuhuda: kuchukua maneno ya mtu, kuyatikisa, kuyaacha yaanguke yale yasiyokufaa, na kuyapeleka sokoni yaliyobaki yakiwa na muhuri wa mwenyewe. Chombo ni kilekile, na mkono unatikisa vilevile. Kilichobadilika ni kile kinachotupwa. Ofisa wa London alitupa kisichokuwa pilipili. Huyu wa pili anatupa pilipili.

Nimesema kwamba katika kusokota mkono unaonekana. Katika kuchekecha hauonekani, na hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo. Mtu aliyechekecha maneno ya mwenzake hakuongeza hata herufi moja. Ukimshika ukamwuliza, "Je, hakusema hivyo?" atajibu kwa uso mkavu kwamba alisema, nawe utakapopeleleza utakuta kweli alisema. Kila punje ni ya kweli, na lundo zima ni uongo.

Chukueni mfano wa jambo ambalo makatekista wengi mmelikuta vijijini. Mzee mgonjwa anawaita ndugu zake, na katekista yupo, amekuja kusali naye. Mzee anasema kwa sauti ya kukatika: "Shamba la bondeni nawaachia ndugu zangu walilime hadi wanangu watakapokua, kisha lirudi kwa wanangu na mama yao." Siku ya tatu baada ya mazishi baraza la ukoo linakaa. Mkubwa wa ndugu anasimama na kusema, "Marehemu alituambia shamba la bondeni anawaachia ndugu zake." Mjane anainua kichwa. Hana karatasi. Ndipo mmoja anamgeukia katekista: "Mwalimu, si ulikuwapo? Je, marehemu hakusema hivyo?" Na mwalimu, ambaye ni jirani yao, ambaye ng'ombe wake hunywa maji katika kisima chao, anajibu, "Ndiyo, alisema." Wanazee wanatikisa vichwa. Kikao kinafungwa kwa sala, na sala yenyewe anaiongoza mwalimu.

Ni nani aliyesema uongo katika kikao kile? Ukimwita kila mmoja aape kwa Biblia, ataapa na mkono wake hautatetemeka. Nusu ya sentensi ilisemwa mbele ya watu wote, nusu yake ya pili iliangushwa chini ya chekecheke, na pamoja nayo likaanguka shamba, na ada za shule za watoto, na uji wa mama yao uzeeni. Mtakatifu Augustino alifundisha kwamba uongo ni kusema lisilo kweli kwa nia ya kudanganya. Wako wanaokimbilia maneno hayo wakidhani wamepata mwanya, kwa kuwa wao hawakusema lisilo kweli. Lakini walimu wa maadili wa Kanisa hawakuuacha mwanya huo wazi. Kuificha kweli kwa mtu anayestahili kuipata, ili aamini lisilokuwapo, ni kumdanganya, hata kama kila neno ulilotamka lina shahidi. Mjane alistahili kuipata. Baraza zima lilistahili.

Tukiitazama Biblia tunakuta kwamba mchekechaji wa kwanza wa Agano Jipya ni Ibilisi mwenyewe. Mathayo anasimulia jinsi alivyompeleka Bwana juu ya mnara wa hekalu na kumwambia ajitupe chini, akimtajia Zaburi ya 91 juu ya malaika watakaomchukua mikononi. Fungueni zaburi hiyo nyumbani mkaisome polepole. Malaika wanaagizwa wamlinde mwenye haki katika njia zake zote. Maneno hayo juu ya njia Ibilisi ameyaruka. Na kweli yangemharibia shauri, kwa maana kujitupa kutoka juu ya paa si njia ya mtu yeyote. Mtakatifu Bernardo, aliyetoa hotuba 17 juu ya zaburi hii, alilitambua hilo. Tena Ibilisi alikoma kabla ya mstari unaofuata, ule unaosema juu ya kumkanyaga nyoka. Sababu ya kukoma hapo haihitaji mtaalamu wa Maandiko kuieleza! Lakini angalieni: alichokisema kilikuwa Neno la Mungu. Kama Bwana angejibu kwamba hakuna andiko la namna hiyo, angekosea. Alijibu kwa andiko lingine, yaani alilirudishia Neno sehemu iliyokuwa imeangushwa.

Na mwisho wa utume wake Bwana alikutana tena na jambo hilohilo, safari hii mbele ya mahakama. Katika Injili ya Yohane, sura ya 2, alikuwa amewaambia Wayahudi walivunje hekalu, naye angelisimamisha kwa siku tatu. Yohane anaeleza kwamba alinena juu ya hekalu la mwili wake. Marko anatuambia jinsi maneno hayo yalivyofika barazani: mashahidi walidai kwamba walimsikia akisema atalivunja yeye. Katika Kiswahili tofauti hiyo ni viambishi vichache tu vya kitenzi. Livunjeni, nitalivunja. Siku tatu zimo, hekalu limo, hata kusimamisha kumo. Hapa chekecheke na kamba vimefanya kazi pamoja, na Marko anaongeza kwamba hata hivyo ushuhuda wao haukupatana. Lakini sumu ilikwisha kuingia. Wapita njia waliokuwa wakimdhihaki msalabani walirudia habari ya hekalu, na bila shaka wengi wao hawakuwapo siku ile aliposema.

Lugha yetu inatufaa sana katika tafakari hii, kwa kuwa nasi tunalo neno linalofanana na lile la Waingereza kabla halijaanguka. Neno hilo ni "kuchambua". Wakulima wa Unguja na Pemba huchuma vishada vya karafuu, kisha huketi na kuvichambua, karafuu upande huu na makonyo upande huu. Na hata makonyo hayatupwi, kwa maana yana bei yake; huko Pemba kipo kiwanda kinachoyakamua mafuta. Pamba huchambuliwa, mchele huchambuliwa kabla ya kuoshwa. Na kutoka huko tumelipeleka neno katika magazeti na redio, tukasema uchambuzi wa habari. Ni neno zuri lenye heshima. Lakini nimeanza kuwasikia watu wakilitamka kwa kubenua midomo kidogo, "Ah, wachambuzi!", na huwa nakumbuka yaliyompata ndugu yake wa London. Leo mtu hupokea katika simu yake sauti ya kiongozi fulani ya nusu dakika, iliyokatwa kutoka katika hotuba ya saa nzima, na kabla hajafika mwisho wa njia ameisambaza kwa jumuiya yote. Sauti ni ya kiongozi yuleyule, hakuna aliyeiigiza.

Lakini tusije tukaogopa mno hata tukadhani kwamba kuchagua maneno ni dhambi. La hasha. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotolewa mwaka 1992, ikieleza amri ya nane inafundisha kwamba hakuna anayelazimika kumfunulia kweli mtu asiye na haki ya kuijua. Siri ya maungamo haivunjwi kwa sababu yoyote ile, na daktari na mshauri nao wana siri zao. Katekista anayejua aibu ya zamani ya familia fulani hatendi uongo anapoikalia kimya. Akiitoa bila sababu ya haki, hapo ndipo anapomkosea jirani. Yohane mwenyewe anakiri mwishoni mwa Injili yake kwamba Yesu alifanya mambo mengine mengi ambayo hayakuandikwa, na anasema kwa nini aliyachagua yale aliyoyachagua: tuamini, na kwa kuamini tuwe na uzima. Amelitaja kusudi lake mbele yetu sote. Katika Kilatini neno "cribrum", yaani chekecheke, ni la ukoo mmoja na kitenzi cha kupambanua, na kutoka katika ukoo huo tumepata karama ile ambayo mababa wa jangwani waliithamini kuliko mifungo. Asiyepambanua hawezi kuhubiri wala kuamua ugomvi.

Kwa hiyo ukitaka kumjua mchekechaji, usiangalie tu alichokuletea mkononi. Angalia kilichoanguka chini. Ukimkuta amedondosha chuki za msemaji, matusi yake ya hasira, majina ya watu wasiohusika, mshukuru. Ukimkuta amedondosha neno "hadi", au "kisha", au "kama", kaa naye chini.

Makatekista wapendwa, nasema nanyi kwa namna ya pekee, maana ninyi ndio mnaoandika ripoti zinazofika mezani pa paroko. Vijana wanaomba ndoa, mama anaomba mtoto wake abatizwe, mwenye wake wawili anaomba kuanza ukatekumeni: paroko hawajui hawa, anakujua wewe na karatasi yako. Mwandikie maneno yao kama walivyoyasema, na kwa lugha waliyoyasema ikiwezekana. Kama kijana alisema hasali Jumapili kwa sababu anamlinda babu aliyepooza, usiandike kwamba alikiri hasali Jumapili. Maoni yako nawe yana thamani, paroko anayahitaji. Basi yaandike chini, peke yake, ukitia sahihi yako, ili ijulikane kwamba hayo ni yako. Na kama katika kikao fulani ulijibu "Ndiyo, alisema" ukanyamaza, ujue kwamba Katekisimu hiyohiyo inadai malipizi kwa kila kosa lililotendwa dhidi ya haki na kweli, hata pale mkosaji alipokwisha kusamehewa. Maungamo hayalirudishi shamba la bondeni. Ukishatoka kwa padre ni lazima uende kwa mwenyekiti wa ukoo, mbele ya watu walewale, ukamalizie sentensi. Najua ni vigumu. Kisima bado ni chao.

Injili ya leo inatupa jambo moja zaidi. Tumezoea kuusikia mfano wa kibanzi na boriti kana kwamba Bwana anamkataza mtu kuona vibaya. Lakini hakusema kwamba kibanzi kile hakipo. Kibanzi kipo katika jicho la ndugu yako, ni kweli tupu, na aliyekitaja hakumsingizia. Kosa lake ni kwamba habari aliyoitoa imeiacha boriti nje. Bwana anamwita mnafiki, jina zito, mtu ambaye kila alilolisema juu ya mwenzake lilikuwa sahihi. Kisha anaendelea moja kwa moja kwenye mti na matunda yake, na kinywa kisemacho yaujazayo moyo, ambako anakutana tena na Sira. Somo la Mtakatifu Paulo ninalipita leo kwa makusudi, na mnisamehe; ushindi dhidi ya mauti unastahili Jumapili yake peke yake.

Limebaki tukio moja ambalo siwezi kuliacha. Liko katika sura ya mwisho ya Yohane, kando ya ziwa, baada ya Ufufuko. Petro amegeuka, amemwona yule mwanafunzi aliyependwa na Yesu akifuata nyuma, akauliza habari zake. Bwana akamjibu kwamba kama yeye anataka mwanafunzi huyo akae hata ajapo, hilo lamhusu nini Petro. Jibu hilo likatoka pale ufukoni, likaenda kwa ndugu, nao ndugu wakapelekeana habari kwamba mwanafunzi yule hafi. Neno "kama" lilikuwa limedondoka. Hawa hawakuwa maadui wala mashahidi wa kununuliwa. Ni Wakristo wa kwanza, waliompenda mzee wao na kutamani asiondoke, na upendo wao ndio ulioliacha neno lile lidondoke. Mwaweza kufikiri hali ilivyokuwa mzee alipoanza kudhoofika, na watu wakaanza kujiuliza kama Bwana amesema uongo.

Mwinjili angeweza kuandika maelezo marefu. Angeweza kusema maana ya "kukaa", na maana ya "hata nijapo", mambo ambayo wataalamu wanayashindania hadi leo. Hakufanya hivyo. Anasema tu kwamba Yesu hakumwambia Petro kwamba mwanafunzi yule hatakufa. Kisha analichukua jibu la Bwana na kuliandika upya kwa mara ya pili, na "kama" yake ikiwa mahali pake, naye anaiacha hapo.